Mafuta Mekundu Chini ya Gari la Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliiinua vani yake kuukuu uani kwetu hapa Shinyanga, akaingia chini kubadilisha filta ya giaboksi. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Akaniomba nimsogezee beseni, nikalisukuma kwa mguu, nikarudi kwenye ungo wangu. Muda si mrefu mafuta yakaanza kutoka. Yalikuwa mekundu, yakichirizika taratibu pembeni mwa miguu yake iliyotokeza nje. Nikaweka ungo chini, nikaingia ndani, nikafunga mlango na kukaa kitandani mpaka nilipomsikia ananawa mikono bombani.

"Bibi, ulikuwa unaogopa nini?" aliniuliza baadaye, huku anacheka. "Gari liko juu ya vyuma."

Nilimjibu kwamba naogopa tu, basi. Yeye ni kijana, ana haraka zake. Lakini wewe umekaa, na chai bado ipo kwenye birika, kwa hiyo wewe nitakusimulia.

Nilikulia upande wa Geita, karibu na Rwamgasa, wakati ambapo miti ilikuwa bado mingi na watu wachache. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, na ua mpana uliozungushiwa minyaa. Ukiamka asubuhi unapokelewa na harufu ya udaga wa muhogo ulioanikwa juu ya mwamba na ya samadi ya ng'ombe wa bibi yangu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia ua, ya pili kuchekecha unga. Tukila michembe ya viazi vitamu iliyopikwa na karanga, bibi alinisukumia ile iliyogandia chini ya chungu kwa sababu alijua naipenda. Kutoka bondeni zilisikika nyundo za wachimbaji wakigonga mawe. Walikuwa wametoka kila upande, Tabora, Kigoma, wengine Songea, na jioni walipita kwetu kuomba maji ya kunywa, miili yao myeupe kwa vumbi.

Uani hapo ndipo lilipokaa gari la baba.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi na mzungu mmoja mpima miamba, akimpikia, akimbebea vyombo, na baadaye akimwendeshea. Mzungu alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, alimwachia baba vani yake, maana ilikuwa imeoza milangoni kwa kutu na hakuna aliyeitaka. Ilikuwa gari la Kimarekani, na hiyo ndiyo sababu watu waliikimbia. Haikuwa na klachi. Dereva alisogeza kijiti kimoja chini ya usukani, akakanyaga mafuta, na gia zikabadilika zenyewe huko chini. Baba aliitumia kubeba michembe na karanga za watu hadi Tinde na Shinyanga mjini, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Siku ya kurudi tuliisikia kabla ya kuiona, mvumo wake ukipanda, ukishuka, kisha ukipanda tena bila mkono wa mtu.

Kisimani wanawake walisema gari linalobadilisha gia lenyewe lina mtu ndani. Walisema ni msukule, amefungiwa kwenye lile boksi la chuma chini ya sakafu, na ndiye anayefanya kazi ambayo mikono ya dereva haifanyi. Hawakulisema mbele ya mama. Walilisema mbele yangu, mimi niliyekuwa na miaka kama tisa, halafu wakajitwisha ndoo zao na kwenda.

Mwalimu wetu wa shule alinieleza, nilipomuuliza, kwamba ndani ya boksi mna mafuta yanayosukumana na vyuma. Nilimwitikia vizuri. Lakini sikumwamini, kwa sababu mwalimu hakuwahi kulala karibu na lile gari. Mimi niliwahi. Injini ikishazimwa, chini ya sakafu kulikuwa na kitu kinachogonga polepole, tik, tik, kisha kinanyamaza. Leo najua ni chuma kinapoa. Wakati ule nilijua ni mtu anapumzika. Nilipofagia ua nilifagia mbali na gari, na mama akanigombeza kila asubuhi kwa duara la takataka nililoliacha kulizunguka.

Basi lile gari likaugua. Baba alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, na gari likabaki pale pale kama ng'ombe aliyegoma. Likiondoka, linaondoka kwa kishindo. Kilima cha kutokea bondeni likashindwa kabisa. Baba alikaa siku kadhaa akiwaza, halafu akalitoa sanduku la vipuri aliloachiwa na mzungu. Ndani mlikuwa na makopo mawili ya mafuta, gasketi iliyofungwa kwenye karatasi, na chujio jipya la wavu wa shaba, bapa, pana kama kiganja cha mtu mzima.

"Hili la zamani limeziba," alimwambia mama. "Mafuta hayapiti. Nilimwona mzungu akilibadilisha mara moja. Fundi wa Mwanza hawezi kuligusa gari hili, basi nitalifungua mwenyewe."

Nilimsikia akisema atalifungua. Nilimfuata bibi jikoni nikamwambia baba asifungue. Bibi alikuwa anatwanga mtama, akasimama na mchi mkononi. Hakujua Kiswahili kingi, nasi nyumbani tulisema Kisukuma. Akaniuliza ninaogopa nini kitatoka. Nikamwambia. Hakunicheka. Alisema tu, "Kaa hapa karibu yangu, ng'wanawane, mwanangu. Kikitoka, kitanikuta mimi kwanza."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha jana yake, na ardhi ya ua ilikuwa laini. Mama alikwenda kisimani na mdogo wangu mgongoni. Baba aliliinua gari mbele kwa jeki, akasukumia gogo chini upande mmoja, akahamishia jeki upande wa pili, akasukumia gogo lingine. Kisha akaitoa jeki na kuiweka kando ya gurudumu, akasukumia beseni la kukingia mafuta, akatandika gunia na kulala chali. Nikaona kichwa chake kinaingia, halafu kifua. Mwisho ikabaki miguu tu, viatu vyake vya ngozi vimeelekea juu.

Nilisikia spana inagonga, na nati zikidondoka kwenye bakuli moja moja. Baba aliimba kidogo kwa pumzi, kama alivyofanya akiwa na kazi ngumu. Nilianza kupata moyo. Hata nikasogea hatua chache kutoka kwenye kinu cha bibi, nione.

Gogo la upande wa kulia lilikuwa limeliwa na mchwa. Kwa nje lilionekana zima, gumu, na ganda lake. Ndani lilikuwa unga mtupu. Halikutoa mlio wa kuvunjika, lilitoa sauti kama ya mtu anayeketi kwenye majani makavu. Upande ule wa gari ukashuka. Miguu ya baba ikaruka mara moja ikatulia. Na kutoka chini ya gari kikaanza kuja kitu chekundu, kinafuata mteremko wa ua, kinakuja kwangu.

Nikajua baba amekufa. Na nikajua aliyemuua ni yule wa ndani ya boksi, na sasa anatoka. Nataka uelewe hivyo vitu viwili vilinijia kwa pamoja, na sikuweza kupiga kelele wala kukimbia. Mkojo ulinitoka nikiwa nimesimama.

Kisha baba akaongea. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka kwenye mtungi.

"Nani yupo hapo?"

"Mimi, baba."

"Bibi yako yupo?"

"Yupo."

"Sikiliza. Hayo ni mafuta. Si damu. Mzungu alitia rangi... wanatia rangi yasichanganywe. Umesikia?" Alivuta pumzi, nikasikia jinsi inavyokatika. "Jeki iko wapi?"

Jeki ilikuwa pale pale kando ya gurudumu. Nikamwambia. Akasema niichukue, niiingize chini, niiweke chini ya mhimili, ule mti wa chuma mrefu unaoshika magurudumu mawili. Yeye hakuweza kuufikia. Mkono mmoja ulikuwa umebanwa, wa pili haukunyooka. Bibi, kwa umri wake na mgongo wake, asingeweza kuingia.

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameshakitupa chini mchi na kukiangusha kinu chake kikubwa cha mninga, mtama umemwagika wote, anakivingirisha kwa mikono miwili kuelekea kwenye gari. Hakusema niende wala nisiende. Akafika, akapiga magoti, akanishika kifundo cha mguu kwa nguvu, akasema, "Nimekushika. Ingia."

Niliingia kwa tumbo. Mafuta yalikuwa bado na joto, yakaingia ndani ya gauni langu na kunishika mapajani. Palikuwa na giza na harufu ya kuungua. Nilisukuma jeki mbele yangu kama mtu anayesukuma jiwe. Uso wa baba ulikuwa karibu sana, umejaa mafuta, macho tu ndiyo meupe. Juu yake boksi lilikuwa limefunguka nusu, sampo, lile bakuli la chuma la chini yake, linaning'inia upande mmoja, na ndani nikaona matundu na vyuma vinavyong'aa. Nilikodolea macho mle ndani nikisubiri uso. Sikuona uso. Lakini usifikiri nilipata nafuu, kwa sababu hofu ile ilipoondoka, iliyokuja nyuma yake ilikuwa kubwa zaidi: kifua cha baba kilikuwa hakipandi sawasawa.

"Hapo," alisema. "Rudisha kidogo. Hapo. Toka sasa."

Bibi alinivuta mguu, nikatoka. Tukashika mpini wa jeki wawili, mimi na yeye, tukazungusha. Mara ya kwanza jeki ilizama kwenye udongo laini. Ikazama tena. Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti. Kisha ikakamata, na chuma kikaanza kupanda kwa milio midogo, na bibi akaacha mpini akakisukumia kinu chini, akakikandamiza kwa goti lake. Gari halikushuka tena.

Mama alitusikia akiwa njiani. Alikuja mbio bila ndoo, mtoto akirukaruka mgongoni, na nyuma yake wachimbaji wanne wenye mitaimbo. Jirani yetu, mtu wa Tabora aliyeishi upande wa pili wa minyaa, ndiye aliyewaita. Wakaingiza mitaimbo chini ya bampa, wakanyanyua kwa pamoja, na mama na jirani wakamvuta baba kwa miguu.

Mfupa wake wa mtulinga, wa begani, ulikuwa umevunjika, na mbavu pia. Bibi alimpapasa kwa vidole vyake vikavu, akafunga bega kwa vipande vya kaniki. Usiku huo sina cha kukusimulia, nililala nimechoka kama mtu aliyepigwa. Ila asubuhi baba alikuwa anapumua kwa vipande vipande na midomo yake imebadilika rangi. Bibi alimwita mama pembeni. Nilimsikia akisema mbavu zimegeukia ndani na yeye hana dawa yake, apelekwe hospitali ya misheni.

Misheni ilikuwa mbali. Kumbeba kwa machela milimani kungemmaliza. Na gari la pekee upande ule lilikuwa lile lile, limelala uani, tumbo wazi.

Mama alimwendea jirani. "Baba Hamisi, uliwahi kuendesha trekta kule kwenye pamba. Hili utaliweza?"

"Kuliendesha nitajaribu, Mama Nyamizi," alisema. "Halina klachi, ni usukani tu na breki. Lakini nani atalifunga?"

Mama akawatazama wale wachimbaji, waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Walikuwa wanaume wenye mabega, watu wanaoteremka kwenye mashimo kwa kamba na kibatari mdomoni. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akatikisa kichwa taratibu. "Shemeji, utatusamehe. Shimoni naingia. Chini ya kile kitu siingii." Wenzake wakatazama chini. Sikuwalaumu na siwalaumu leo. Nilikuwa nimekwenda huko chini, najua.

Mama hakubishana nao. Aliomba wakate magogo mapya, mabichi, na akalipiga kila gogo kwa shoka kusikia mlio wake kabla halijawekwa. Akaomba mawe bapa yapangwe chini ya magogo. Akaomba kitanda cha baba kitolewe nje kiwekwe karibu na gari, aweze kumsikia. Kisha akanipa mdogo wangu nimbebe, akajifunga kaniki mbili kiunoni, akalala chali kwenye lile gunia, akaingia.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Jana sikujua kitakachotokea. Leo nilijua. Nilikaa chini, mtoto mgongoni, nikazishika nyayo za mama kwa mikono miwili.

"Nyamizi," ilitoka sauti yake chini, "ukinishika hivyo nitashindwa kufanya kazi."

Nikalegeza, lakini sikuachia.

Baba alimwelekeza akiwa amelala, neno moja kwa pumzi moja. Toa la zamani, livute chini. Mama akalitoa chujio la zamani, akalisukuma nje. Lilikuwa jeusi, limefunikwa tope zito lililochanganyika na chembe za chuma, na ukilishika mkononi hupati hata tundu moja la wavu. Futa sampo. Akalifuta kwa pindo la kaniki. Pachika jipya, bonyeza mpaka likae. "Limekaa?" baba akauliza. Tukasikia chuma kikikwaruza. "Limekaa, Mama Nyamizi?" "Limekaa." Sasa gasketi. Sasa sampo. Nati zote kwa vidole kwanza, halafu spana, hii na ile ya upande wa pili, kama unavyofunga mdomo wa kikapu usielemee upande.

Baba alisimama katikati kukohoa, na kila aliposimama sisi sote tulisimama. Bibi alikaa kichwani pake akimpangusa. Jirani alishika gogo moja kana kwamba mkono wake ungeweza kulizuia. Tope likamdondokea mama usoni, tukamsikia akitema.

Mafuta ya makopo mawili hayakutosha. Mama akatoka, akatandaza kaniki safi juu ya sufuria, akachuja yale mekundu ya jana yaliyokuwa yamebaki kwenye beseni, kama anavyochuja maziwa, mara mbili, kisha akayamimina kwenye mdomo wa bomba la giaboksi kwa kibuyu kilichokatwa. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Nilimtazama nikasema moyoni kwamba mama yangu hajui kuogopa.

Wachimbaji wakalishusha gari kutoka kwenye magogo, jirani akaingia, akasoma dua fupi, akawasha. Gari likanguruma. Akasogeza kijiti. Kwa muda halikufanya chochote, na nikasikia mtu nyuma yangu anashusha pumzi ya kukata tamaa. Halafu likaenda. Lilikwenda polepole, bila kishindo, likaacha alama nne kwenye udongo laini. Wakamwingiza baba nyuma juu ya godoro la majani, mama akaingia naye, na wakatoka kwenye minyaa. Mimi na bibi tulisimama tukisikiliza mvumo unavyopanda kilima, unabadilika wenyewe, unabadilika tena, mpaka ukaisha.

Zile siku za kungoja siwezi kukuhesabia. Nilichota maji, nikaokota mtama uliomwagika punje kwa punje kwenye matope, na kila sauti ya mbali nilidhani wanamrudisha baba amefunikwa. Bibi hakuniambia atapona. Aliniambia tu nile.

Alirudi akitembea mwenyewe kutoka garini hadi mlangoni, amekonda, bega moja limeshuka. Halikupanda tena mpaka anakufa, na alikufa mzee. Gari lilitutumikia miaka mingine kadhaa, halafu likaisha kama vitu vinavyoisha, kipande huku, kipande kule, watu wakatumia mabati yake kutengeneza karai na milango ya mabanda ya kuku.

Mama aliishi muda mrefu baada ya baba. Siku moja nikimsuka nywele zake, zilizokuwa zimebaki chache, nilimwambia jinsi nilivyomwona siku ile nikadhani hajui kuogopa.

"Nilifumba macho," akasema. "Tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Baba yako alikuwa akiniuliza unaona hiki, unaona kile, nami nikijibu naona. Sikuona kitu. Nilifanya yote kwa vidole. Ningefumbua macho nikaona kile chuma juu yangu, ningetoka, na baba yako angekufa."

Miaka ya karibuni nilipelekwa Rwamgasa na mwanangu nikapaone tena. Hapana minyaa. Hapana mwamba wa kuanikia udaga. Vijana wamechimba kote, pampu zinanguruma, udongo wa chini umekaa juu na wa juu umekwenda chini. Waliniamkia vizuri, shikamoo bibi, wakaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta mahali palipokuwa na ua. Mmoja akauliza ua gani. Wote ambao wangeweza kunionyesha kwa kidole wamekwisha kufa. Nilizunguka kati ya mashimo nikitafuta mahali mama alipolala chali asubuhi ile. Sikupaona. Mwisho nikachagua mahali popote palipokuwa tambarare, nikasimama hapo kidogo, nikafumba macho.